Moshi wa Asubuhi

Moshi wa asubuhi huulizwa mchana.

Bibi Subilaga aliyatamka maneno hayo bila kuinua macho kutoka kwenye ungo wa maharage, na wajukuu wake waliokuwa wakichambua pamoja naye wakageuka kumtazama. Mkubwa wao, Atuganile, alikuwa ametoka kumtetea mchumba wake: kwamba ni kijana mwema, ila siku hizi ana maneno makali kwa sababu ya uchovu wa kujenga nyumba. Nyumba ikiisha, ukali nao utaisha.

"Methali gani hiyo, Bibi?" akauliza. "Shuleni hatukuisoma."

"Shuleni mlisoma za watu waliokufa kabla ya babu zangu. Mtu aliyeizaa hii nimekula naye ugali."

"Na moshi unaulizwaje, nao hauna mdomo?" akadakia mdogo wake, Gwamaka.

"Unao. Tena mdomo wake hausemi uongo. Endeleeni kuchambua, nami niwape asili ya usemi huu. Na mawe muyatoe, nisije nikavunja jino lililobaki."

Kisa chenyewe ndicho hiki.

Lwamate ni mji wa mbao. Uko juu sana, mahali ambapo mwezi wa sita na wa saba sakitu hulala juu ya majani kama chumvi, na mtu akikuamkia asubuhi huuoni mdomo wake kwa mvuke. Enzi hizo malori kumi na manne yalikuwa yakilala katika kiwanja kimoja nyuma ya kinu cha kupasulia mbao. Yalikuwa malori makuukuu yenye pua ndefu, yaliyokwisha kutumikia matajiri watatu wanne huko chini kabla ya kupandishwa mlimani kumalizia uzee wao. Kila asubuhi yaliteremka na mbao mpaka Kisowa, mji wa bondeni penye reli, na alasiri yakapanda na saruji au chumvi. Barabara ya mlimani ilikuwa nyembamba, malori mawili hayapishani. Kwa hiyo asubuhi ilikuwa ya kuteremka, alasiri ya kupanda. Aliyechelewa zamu yake alilala alipo.

Fundi wa kiwanja hicho alikuwa Oresto Ngailo, mtu mrefu, mkimya, mwenye mikono iliyokwisha kukataa sabuni. Pale kiwanjani palikuwa na desturi ambayo sijaisikia kwingine. Saa kumi na mbili asubuhi injini zote ziliwashwa, madereva wakasimama kila mmoja kwenye mlango wa lori lake, na Oresto akapita nyuma ya malori na vitambaa vya bafta nyeupe vimening'inia begani. Kwa kila lori alishika kitambaa mbele ya bomba la moshi, akahesabu mpaka thelathini, kisha akakitazama, akakinusa, akakisugua kwa kidole gumba. Akiridhika alisema neno moja tu: "Nenda." Dereva hakugusa gia kabla ya neno hilo. Walimwita Daktari.

Aliposifiwa alijifanya hasikii, lakini alisikia. Na alipokuwa na furaha aliwapa somo lake bure. "Moshi mweusi ni mlafi," aliwaambia. "Anabugia dizeli bila kuvuta pumzi. Safisha njia ya hewa, tazama nozeli. Wa bluu ni mwizi: anakunywa oili iliyowekewa wengine. Huyo ringi zake zimekwisha. Mweupe ni mtoto anayelia baridi. Mvike jua, atanyamaza."

Somo hilo lilikuwa zuri, na lilikuwa na tundu. Oresto alilijua tundu lenyewe, maana mwalimu wake alikuwa amemwonyesha zamani. Moshi mweupe una pacha. Gasketi ya injini, kile kizibo cha kati kinachotenga maji na moto, ikiungua, maji ya kupoza hupenya yakaingia kwenye silinda, yakachemka humo, yakatoka nyuma yakiwa meupe vilevile. Asubuhi pacha hao hawatofautiki hata kidogo. Injini ikishapata moto, mmoja huondoka na mwingine hubaki. Ndiyo njia rahisi ya kuwajua, wala haitaki chombo, inataka saa moja ya kusubiri. Lakini Lwamate hapakuwa na saa ya kusubiri. Malori yalikuwa kumi na manne, zamu ya kuteremka ilikuwa moja, na mchana kiwanja kilibaki na kuku; yaliporudi jioni fundi alikuwa amekwisha kufunga kazi. Katika miaka kumi na mmoja Oresto aliyaona malori yake asubuhi tu, yakiwa baridi, yote yakitoa moshi mweupe. Neno "baridi" lilikuwa limezoea kinywa chake kama mate.

Miongoni mwa malori hayo lilikuwamo moja lililoitwa Nyumbu, na dereva wake alikuwa Ambakisye, mume wa Veneranda, mdogo wake Oresto wa tumbo moja. Alikuwa mtu wa masihara na kicheko kikubwa, asiyejua kukaa na mtu dakika tano bila kumtania. Oresto hakuwa na rafiki mwingine. Kwa wengine alikuwa Daktari. Kwa Ambakisye alikuwa "shemeji mwenye sura ya msiba," na hilo lilimpendeza kuliko udaktari.

Mwaka huo baridi ilikuwa ya kuuma. Asubuhi moja mwanzoni mwa mwezi wa saba, Veneranda alikuja kiwanjani kabla ya kwenda shuleni, maana alikuwa mwalimu wa darasa la pili. Alimkuta kaka yake amesimama nyuma ya Nyumbu, kitambaa mkononi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umekuja kutusahihisha madaftari?"

Madereva wakacheka. Veneranda hakucheka.

"Nimekuja kuuliza habari ya maji. Mwezi wa tano nilikuwa namjazia Ambakisye dumu moja la maji ya safari. Mwezi wa sita yakawa mawili. Wiki hii nimemchotea manne, na yote yamerudi matupu. Maji hayo yanakwenda wapi?"

"Lori kuukuu hunywa maji kama mlevi anavyokunywa ulanzi," akasema Oresto.

"Mlevi hukojoa, kaka. Hapa chini nimepachungulia, pakavu. Rejeta kavu, mipira mikavu." Akanyoosha kidole kwenye bomba. "Kama hayatokei chini, yanatokea huku."

Kicheko cha safari hii kilikuwa na kelele zaidi. Dereva mmoja, Kilasi, akapaza sauti: "Mwalimu, fungua gereji, nitakuwa mteja wako wa kwanza!" Mwingine akamtaka Ambakisye ahame kwenye kiti, mkewe aendeshe. Ambakisye naye alicheka, lakini alikuwa akitazama viatu vyake.

"Mama Lusajo," akasema taratibu, "nenda darasani. Watoto wanakungoja."

"Huo moshi ni baridi," akasema Oresto. "Geuka utazame. Malori yote yana moshi mweupe."

"Ndiyo, yote. Ndiyo maana huu hausemi kitu. Jumapili, siku isiyo ya safari, Nyumbu lilipita mbele ya kanisa saa saba mchana limebeba kuni, watu tumevua masweta, na moshi ulikuwa mweupe kama huu. Nimeuona kwa macho yangu haya. Moshi wa asubuhi kila mtu anao, kaka. Uulize mchana."

Oresto alisikia masikio yake yakipata moto. Hakuwa na hasira na maneno yenyewe. Alikuwa na hasira kwamba yamesemwa na mtoto aliyembeba mgongoni, mbele ya watu kumi na wanne ambao kila asubuhi humngojea atamke neno moja. Akakitazama kitambaa. Kilikuwa kimelowa. Vya malori mengine vilikuwa na unyevu, kama kioo ulichokipulizia. Hiki kilikuwa kimelowa hasa, na tone moja likaning'inia kwenye pindo, likaanguka juu ya kiatu chake.

Alikuwa na kawaida ya kuvirudisha vitambaa begani. Hiki alikikunja akakitia mfukoni.

"Baridi," akasema, kwa sauti ya kusikika kiwanja kizima. "Nenda."

Ambakisye akapanda, Nyumbu likaondoka. Veneranda alisimama mpaka lilipopotea, kisha akaenda shuleni bila kumuaga kaka yake.

Lakini neno la kweli ni kama mwiba wa samaki. Ukilimeza bado linakuchoma. Siku mbili Oresto alikuwa akifungua injini huku kichwani mwake akihesabu madumu. La kwanza, la pili, la nne. Siku ya tatu, malori yalipokwisha kuruhusiwa, alifungua mlango wa Nyumbu akapanda, akasema anakwenda Kisowa kutafuta nozeli.

"Makubwa!" akasema Ambakisye. "Daktari leo anatembelea wagonjwa majumbani. Nifungue dirisha, au harufu ya dizeli utaikosa?"

"Endesha."

"Naendesha. Ila ukitaka kutapika kwenye kona, niambie mapema. Sweta hili nimefumiwa na dada yako."

Waliteremka. Katika mteremko injini haina kazi kubwa, mzigo wenyewe ndio unaosukuma, kwa hiyo Nyumbu lilikwenda likiguna tu. Ambakisye alisimulia habari ya kasisi mmoja na mbuzi wake, akacheka mwenyewe. Oresto alikuwa akitazama kioo cha pembeni. Ukungu ulikatika, misonobari ikaisha, migomba ikaanza. Kufikia saa nne walikuwa bondeni, jasho likiwatoka, na nyuma yao vumbi jekundu lilikuwa limechanganyika na kitu cheupe. Kila alipotaka kujiambia kwamba ni vumbi, barabara ilipita penye changarawe ngumu isiyo na vumbi, na cheupe kilibaki peke yake.

Walishusha mbao, wakapakia saruji. Ambakisye alimwaga madumu mawili ya maji kwenye rejeta bila kusema neno, kama mtu anayemlisha mgonjwa wake mbele ya wageni. Saa sita walikuwa kwenye kizuizi cha chini, mahali malori yanapopanga foleni kungoja zamu ya kupanda. Jua lilikuwa utosini. Malori manne yalikuwa mbele yao, injini zinanguruma, na kwenye mabomba yao hapakuonekana kitu ila hewa ikichezacheza kwa joto.

Oresto aliteremka. Akazunguka nyuma. Akatoa kitambaa safi, akakishika mbele ya bomba, akaanza kuhesabu. Hakufika thelathini. Alipofika kumi na mbili maji yalikuwa yakimtiririka kwenye kiganja.

Aliuliza, na moshi ulimjibu. Waliokuja kumhukumu baadaye walidhani hakuelewa. Alielewa. Aliona gasketi kama vile injini imefunguliwa mbele yake: pale ilipoungua, njia ya maji ya kuingilia kwenye silinda, na njia ileile ikitumiwa na moto wa silinda kurudi kwenye maji. Alijua pia nini kinachotakiwa kusemwa. Maneno yalikuwa mawili: "Zima. Hatupandi."

Lakini nyuma ya maneno mawili aliona mengine yakija yamepanga foleni. Aliona Nyumbu likivutwa kwa mnyororo kupita katikati ya kiwanja, madereva wamesimama milangoni. Alimsikia Kilasi akiuliza, hivi Daktari, si ulisema baridi? Si ulisema kila siku, mwezi mzima na zaidi? Na juu ya hayo yote alimwona Veneranda, hasemi kitu. Ilimjia fikra ndogo, nyororo: leo ni Ijumaa. Kesho Jumamosi malori hayatembei. Jumamosi anaweza kulifungua hilo lori peke yake, akabadilisha gasketi, akasema ni nozeli, na hakuna atakayejua. Ni mpando mmoja tu. Lori lililopanda mwezi mzima halishindwi kupanda leo.

Ambakisye alikuwa amekuja kusimama karibu yake.

"Vipi, Daktari?"

"Mweupe kidogo."

"Mweupe wa baridi, au wa ugonjwa?" Alikuwa akitabasamu, ila macho yake hayakuwamo kwenye tabasamu. "Sema tu, kaka. Ukisema tulale hapa, tunalala. Mimi ni mikono, macho ni yako. Hata hivyo nimechoka kumwambia Mama Lusajo kwamba maji nawagawia wenye kiu njiani. Anajua naongopa, nami najua kwamba anajua."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kaka badala ya shemeji.

Pale mbele mshika bendera alipuliza filimbi. Lori la kwanza likaanza kupanda, la pili likafuata. Oresto alikamua kitambaa, akakikamua tena, hata palipokuwa hapana kitu cha kukamua.

"Tutalifungua kesho," akasema.

"Basi tamka neno lenyewe, nisije nikaambiwa nimeondoka bila ruhusa."

"Nenda," akasema Oresto.

Saa tisa kasoro walikuwa wamefika kona ya tisa, mahali penye mpando mkali kuliko kote, na sindano ya joto ilikuwa imelala kwenye nyekundu. Ambakisye aliegesha pembeni. Injini hakuizima, kwa sababu betri zilikuwa zimechoka na mlimani hakuna wa kukusukuma. Akashika breki, akamwomba Oresto aweke mawe nyuma ya magurudumu. Mwenyewe akachukua gunia lililokunjwa, akapanda juu ya bampa kufungua rejeta. Alikuwa amefanya hivyo kila siku kwa mwezi mzima: huzungusha kifuniko robo, husubiri kipumue, humalizia. Hakuambiwa na mtu kwamba siku ile ni tofauti. Hakuambiwa kwamba injini iliyowaka ilikuwa ikiyasukumia maji pumzi ya moto kutoka ndani ya silinda, na kwamba robo ile haitakuwa robo.

Oresto alikuwa ameinama nyuma, jiwe la pili mikononi. Alisikia mlio kama turubai linapochanwa. Kisha akasikia sauti ambayo hakujua kwamba ni ya Ambakisye, kwa sababu miaka yote alikuwa amemsikia akicheka tu.

Sitawaeleza alichokikuta mbele ya lori. Yeye alikieleza mara moja, na waliosikia walimwomba asirudie.

Hospitali ya misheni ilimlaza Ambakisye siku tisa. Walimfunga kitambaa usoni na kifuani, wakamwachia tundu la mdomo. Siku ya nne aliuliza kama Nyumbu limeshafika nyumbani. Hakuuliza tena kitu. Veneranda alikaa kwenye kiti cha mbao kando ya kitanda, akimpigia nzi kwa daftari la mwanafunzi, na Oresto alisimama nje ya mlango kwa sababu ndani hakuthubutu kuingia. Siku ya sita Veneranda alitoka.

"Nina swali moja," akasema. "Kule chini uliushika moshi?"

"Niliushika."

"Saa ngapi?"

"Saa sita."

"Na maji yalimrukia saa ngapi?"

"Saa tisa kasoro."

Veneranda alimtazama usoni, kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyeandika jibu ubaoni na ambaye sasa anatakiwa kueleza amelipataje.

"Kati ya saa sita na saa tisa, kaka, ulikuwa unafanya nini?"

Oresto alifungua mdomo. Aligundua kwamba kila jibu alilokuwa nalo lilikuwa na jina lake ndani, na hakuna hata moja lililokuwa na la Ambakisye. Veneranda akarudi ndani, akaurudisha mlango.

Ambakisye alifariki Jumamosi asubuhi.

Mnajua kwamba kwetu marehemu hazikwi kabla wasifu wake haujasomwa: alizaliwa lini, alisoma wapi, ameacha nani, amefariki kwa nini. Wasifu wa Ambakisye uliandikwa na wazee wa kanisa, na aliyepewa kuusoma ni Oresto, kwa kuwa alikuwa mkubwa upande wa mke na mtu wa heshima mjini. Alisimama kando ya kaburi na karatasi. Kiwanja kizima kilikuwapo, madereva wote wamevua kofia. Alisoma kuzaliwa, akasoma kipaimara, akasoma ndoa. Akafika kwenye mstari wa mwisho, uliosema: Marehemu amefariki kwa ajali akiwa kazini, kama alivyopenda Mwenyezi Mungu.

Hapo akasimama. Watu wakadhani ni kilio. Mzee mmoja akasogea kumpokea karatasi.

"Sijamaliza," akasema Oresto. "Hapa pamekosewa. Mungu hakuwapo kwenye kizuizi cha chini. Nilikuwapo mimi."

Akawaambia yote. Aliwaambia habari ya tone lililoanguka kwenye kiatu na kitambaa alichokificha mfukoni. Aliwaambia jinsi alivyoulizwa na marehemu mwenyewe, mweupe wa baridi au wa ugonjwa, na jinsi alivyokuwa na jibu kiganjani likimtiririka. "Mdogo wangu aliniambia uulize mchana," akasema. "Niliuliza. Nikajibiwa. Kisha nikaona haya kuliko nilivyoona hatari, nikamwambia nenda. Msiseme ni ajali. Andikeni kwamba fundi alijua."

Kilasi, yule wa masihara, alikuwa ameziba uso kwa kofia. Mchungaji hakujua kama aendelee na sala au la, mwishowe akaendelea. Veneranda alitupa udongo wake, akaondoka na watoto wake, na tangu siku hiyo mpaka alipohamishwa shule hakumsemesha kaka yake. Msidhani kwamba ukweli ukisemwa kila kitu hurudi mahali pake. Kaburi lilifukiwa vilevile.

Siku ya kurudi kazini malori yaliwashwa saa kumi na mbili kama kawaida. Madereva wakasimama milangoni, moshi mweupe umejaa kiwanjani, wakingoja neno. Wengine walikuwa hawamtaki tena, lakini mazoea yana nguvu. Oresto alipita mbele yao na mfuko wa vifaa vyake, hakutoa kitambaa, hakuinama nyuma ya lori lolote.

"Fundi," Kilasi akaita. "Lori langu hili, hulitazami? Ni baridi tu, au?"

"Moshi wa asubuhi huulizwa mchana," akajibu Oresto, akaendelea kutembea.

Akateremka mlima wote kwa miguu. Pale kwenye kizuizi cha chini alijenga kibanda cha mabati, na humo alikaa miaka kumi na tisa, mpaka alipokufa. Kila siku saa sita alisimama nyuma ya malori yaliyongoja kupanda, jua limemwangukia, akiuliza moshi wa kila moja. Lililokuwa na mweupe saa hiyo halikupanda. Wapo matajiri waliokuja kumtukana, wapo waliokuja na polisi. Aliwasikiliza, akaweka jiwe kubwa mbele ya gurudumu, akakaa juu yake. Madereva wakaubeba usemi wake wakaupeleka kila barabara iendayo, na watu wasiojua hata injini inafunguliwaje wakaanza kuutumia kwa mambo yao.

Bibi Subilaga akapepeta ungo mara mbili, akapuliza makapi.

"Lakini Bibi," akasema Gwamaka, "yeye si aliuliza mchana, kama alivyoambiwa? Na bado mtu akafa."

"Ndiyo maana haisemi kwamba moshi husubiriwa mchana. Kusubiri hata mvivu anajua. Inasema huulizwa. Na ukiuliza jambo, mjukuu wangu, uwe umekwisha kukubali kujibiwa, papo hapo, hata jibu likikuvua nguo mbele za watu. Oresto alisubiri jua likatoka, baridi ikaisha, kila kisingizio kikaondoka, ukweli ukabaki peke yake mkononi mwake umelowa. Halafu akaupa saa tatu zaidi."

Bibi akawatazama mmoja mmoja, macho yake yakaishia kwa Atuganile, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ya chini, kama mtu anayesoma jina kwenye msalaba wa kaburi.

"Moshi wa asubuhi huulizwa mchana."